Kusubu vipande vya modeli kwa resini: Unyevu na hewa ndio maadui wa fundi

ANAYEUNDA modeli ya lori la magurudumu kumi hukabiliwa na kazi inayochosha upesi. Gurudumu la kwanza hulichonga kwa furaha, la pili kwa subira, na afikapo la tatu hutambua kwamba hakuna mawili yanayolingana. Njia wanayoitumia mafundi wengi wa modeli kuepuka adha hiyo ni kuchonga gurudumu moja tu, kulitengenezea kalibu ya silikoni, kisha kusubu mengine kwa resini.

Sababu kuu ya kutumia njia hii ni gharama. Kampuni kubwa kama Airfix ya Uingereza, ambayo ilitoa modeli yake ya kwanza ya ndege ya Spitfire mwaka 1953, hutumia kalibu za chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu za mashine. Kalibu za aina hiyo ni ghali mno na hulipa tu iwapo modeli zitauzwa kwa maelfu. Anayehitaji vipande kumi, au hata mia moja, hana haja ya chuma wala mashine. Silikoni, resini, mizani ndogo na meza iliyosawazishwa vyema vinamtosha.

Resini inayotumiwa zaidi katika kazi hii ni ya poliyurethani, jamii ya plastiki iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Huuzwa katika chupa mbili, moja ikiwa na polioli na nyingine aisosianeti. Viowevu hivyo vikichanganywa hupata joto na kuganda, na mara nyingi kipande huweza kutolewa katika kalibu baada ya dakika 10 hadi 30. Kasi hiyo ndiyo inayowavutia wanaoanza, na ndiyo inayowaponza. Wengi hukimbilia kumimina resini ilhali makosa yatakayoharibu kipande yamekwisha kufanyika siku moja au mbili kabla, wakati wa kutengeneza kalibu.

Kazi huanzia kwenye kipande asilia, yaani kile kitakachonakiliwa. Silikoni hunakili kila kitu. Alama ya kidole, mkwaruzo wa msasa na unywele ulionaswa katika rangi vyote vitajitokeza kwenye gurudumu la kwanza hadi la kumi. Kwa hivyo, saa moja ya ziada ya kusugua kipande asilia kwa msasa laini ni nafuu kuliko kusugua dosari ile ile mara kumi. Aidha, fundi hana budi kukumbuka kwamba kipande kitakachotoka kitakuwa kidogo kuliko cha awali, japo kwa kadiri ndogo. Resini hunywea inapoganda, na baadhi ya silikoni pia hunywea. Kwa gurudumu tofauti hiyo haionekani, lakini kwa kipande kirefu kinachopaswa kuingia mahali maalumu, kama vile fremu ya lori, ni vyema kupima mapema.

Silikoni ni za aina mbili kuu, na kutozitofautisha kumewapotezea watu fedha nyingi. Ya kwanza hugandishwa kwa kemikali yenye madini ya bati. Ni ya bei nafuu na haisumbuki na vitu vingi, lakini hunywea kidogo, na kalibu zake huchakaa baada ya miaka michache hata zikikaa tu kabatini. Ya pili hugandishwa kwa kemikali yenye platini. Hii hudumu na karibu hainywei kabisa, ila ni nyepesi kudhurika. Ikigusana na salfa, bati au baadhi ya kemikali za gundi na rangi, haigandi. Hubaki kama uji unaonata juu ya kipande asilia, na hakuna dawa ya kuigandisha tena.

Salfa hiyo hujificha mahali ambapo mtu hatarajii. Imo katika baadhi ya aina za plastisini, na imo katika glavu za mpira wa kawaida. Anayetumia silikoni ya platini avae glavu za nitrili na achague plastisini isiyo na salfa. Siku hizi, ambapo vipande asilia vingi huchapishwa kwa mashine za pande tatu zinazotumia resini ya kugandishwa kwa mwanga, tatizo hili limezidi, kwani mabaki ya kemikali zilizomo katika vipande hivyo huizuia silikoni ya platini kuganda. Kipande kama hicho chapaswa kuoshwa, kuanikwa kwenye mwanga hadi kikauke barabara, na kupakwa rangi ya kukiziba. Hata baada ya hayo, busara ni kujaribu tone moja la silikoni pembeni kabla ya kumimina kikombe kizima. Kwa anayeanza, silikoni ya bati ndiyo salama zaidi kwa mfuko wake.

Kuhusu kiasi kinachohitajika, hesabu ni rahisi. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 katika uhalisia huwa na milimita 28.6 katika kipimo cha 1 kwa 35. Likiwa na unene wa milimita 8, na kuta za silikoni zikiwa na milimita 10 kila upande na juu, kisanduku kitakuwa na sentimita 5 kwa 5 na kina cha milimita 18. Ukitoa nafasi inayokaliwa na gurudumu lenyewe, husalia takriban mililita 40, ambazo ni gramu 45 hadi 50 za silikoni. Gurudumu litakalosubiwa nalo litatumia gramu 5 na kidogo za resini. Iwapo kipande kina umbo lisilopimika kwa rula, wako mafundi wanaokiweka ndani ya kisanduku, wakakifunika kwa mchele mkavu hadi kimo wanachotaka, kisha wakaumimina mchele huo katika kikombe cha vipimo. Kiasi cha mchele ndicho kiasi cha silikoni.

Kisanduku chenyewe si lazima kiwe cha fahari. Matofali ya plastiki ya watoto ya Lego yanafaa sana kwa kuwa hupangwa kwa ukubwa wowote na hubomolewa bila kuharibu kalibu. Kadibodi ngumu iliyofunikwa kwa utepe wa plastiki pia hufaa. La muhimu ni kuziba kila ufa, maana silikoni hupita penye tundu dogo na asubuhi fundi hukuta imeganda mezani badala ya kisandukuni.

Adui wa kwanza, hewa, huingia hapa. Silikoni ni nzito na hushika viputo wakati wa kukorogwa. Kiputo kikigandamana na kipande asilia, kitaacha shimo katika kalibu, na shimo hilo litakuwa kichuguu juu ya kila gurudumu. Kinga yake haihitaji mashine. Kwanza fundi hupaka silikoni kidogo kwa brashi juu ya kipande, akiisukuma ndani ya kila mfuo. Kisha huinua kikombe juu na kumimina uzi mwembamba wa silikoni katika pembe moja ya kisanduku, mbali na kipande, na kuiacha ijiinue yenyewe polepole hadi ikifunike. Uzi huo mwembamba hupasua viputo ukiwa hewani, nayo silikoni inayopanda kutoka chini huisukuma hewa mbele yake.

Wenye pampu ya kufyonza hewa huiweka silikoni iliyochanganywa ndani ya chombo kilichofungwa na kuiondolea viputo kabla ya kuimimina. Hapo silikoni hufura hata mara tatu au nne ya ujazo wake kabla ya kushuka, na kikombe kilichojaa nusu kitafurika. Maelekezo mengi ya kigeni husema kipimo cha pampu kifike inchi 29 za zebaki. Fundi wa Mombasa anaweza kukikaribia kiwango hicho. Wa Nairobi hawezi, hata akinunua pampu ya bei gani, kwa sababu jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake yenyewe haina uzito wa kufika hapo. Mshale utasimama kwenye takriban 24 au 25, na hiyo si hitilafu ya pampu.

Gurudumu lenye mgongo bapa latosheka na kalibu ya upande mmja iliyo wazi juu. Kipande chenye sura pande zote huhitaji kalibu ya vipande viwili, na ndiyo inayowashinda wengi. Kipande asilia huzamishwa nusu katika plastisini, na pembeni hubonyezwa vishimo vidogo ambavyo vitazifanya nusu mbili za kalibu zikutane mahali pale pale kila mara. Silikoni humiminwa juu yake. Ikisha kuganda, kwa kawaida baada ya saa 16 hadi 24 kwa ile ya bati, kisanduku hugeuzwa, plastisini huondolewa yote, na nusu ya pili humiminwa. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho, sharti uso wa silikoni ya kwanza upakwe jeli nyembamba ya petroli au dawa maalumu ya kuzuia kunata. Silikoni hainati karibu na kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake. Anayesahau hukuta bonge moja lenye kipande chake katikati, na hulazimika kukitafuta kwa kisu.

Katika kalibu hiyo, mlango wa kumiminia resini uwekwe mahali ambapo alama yake haitaonekana, na kila sehemu iliyo juu zaidi ipewe mfereji mwembamba wa kutolea hewa. Hewa hupanda. Penye kona ya juu isiyo na mfereji, hewa hunaswa, na kipande hutoka bila kioo cha pembeni au bila ncha ya bunduki. Mara nyingi tatizo hilo huisha kwa kulaza kipande asilia upande mwingine tangu mwanzo, bila kuongeza mfereji wowote.

Adui wa pili ni unyevu, na kwa Afrika Mashariki huyu ndiye mkubwa. Aisosianeti hupenda maji kuliko inavyoipenda polioli. Ikikutana nayo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na resini huumuka kama unga wa maandazi. Kipande hutoka chepesi na chenye matundu mithili ya sifongo. Maji yenyewe hayahitaji kuonekana. Yamo katika hewa ya Mombasa na Lamu karibu mwaka mzima, na katika hewa ya Nairobi wakati wa masika. Yamo katika kijiti cha mbao cha kukorogea, katika kikombe cha karatasi, na katika rangi ya maji ambayo mtu huitia ili resini iwe nyeusi. Vijiti na vikombe vya plastiki ni bora, na rangi ziwe zile zilizotengenezwa kwa resini.

Chupa nazo zifungwe mara tu baada ya kutumika, na vifuniko visibadilishwe, kwani tone la chupa moja likiingia katika mdomo wa nyingine huganda na kukifanya kifuniko kisifunguke tena. Ni afadhali kununua chupa ndogo mara mbili kuliko kubwa moja itakayokaa nusu tupu miezi minane. Ile punguzo ya bei ya chupa kubwa huliwa na hewa iliyomo ndani yake.

Joto pia lina neno. Muda wa kufanyia kazi ulioandikwa kwenye chupa, sema dakika tatu, kwa kawaida hupimwa katika nyuzi 23 hivi za Selsiasi. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuganda hukaribia kuwa maradufu. Katika chumba cha nyuzi 32 mchana wa Februari pwani, dakika tatu hizo hazipo. Fundi wa huko afanye kazi alfajiri, au aiweke resini mahali penye baridi bila kuilowesha, au achague ile inayoganda polepole. Haraka ya kumimina huleta viputo.

Vipimo vifuatwe bila kukisia. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba moja kwa moja kwa ujazo ni sawa na moja kwa moja kwa uzani. Viowevu hivyo viwili havina uzito mmoja, na baadhi ya resini zinazochanganywa nusu kwa nusu katika kikombe huhitaji gramu 100 za chupa moja kwa gramu 90 za nyingine zikipimwa kwa mizani. Vipimo visipofuatwa, kipande hubaki kinanata au huvunjika kama kaukau. Baada ya kukoroga na kukwangua kuta za kikombe, ni vyema mchanganyiko uhamishiwe kikombe cha pili na kukorogwa tena kidogo, maana kile kilichobaki kikinata chini ya kikombe cha kwanza huwa hakijachanganyika.

Kabla ya kumimina, poda ya mtoto ikipakwa ndani ya kalibu kwa brashi na ya ziada kukung'utwa huisaidia resini kutambaa hadi kwenye mifuo midogo. Ni hila ya senti chache ambayo huondoa viputo vingi vya usoni.

Wanaotaka vipande visivyo na kiputo hata kimoja hutumia mtungi wa shinikizo. Kalibu iliyojazwa huwekwa ndani, na hewa husukumwa kwa kompresa hadi takriban mara nne ya ile ya kawaida juu ya iliyopo. Viputo haviondoki, bali hubanwa hadi moja ya tano ya ujazo wake na resini hugandia hapo. Sharti shinikizo lisishuke hadi resini iwe ngumu. Na kalibu itakayotumika ndani ya mtungi nayo igandishwe ndani ya mtungi, la sivyo viputo vilivyojificha katika silikoni vitabonyea na kuota vipele kwenye kipande.

Onyo hapa halina mzaha. Sufuria ya presha ya jikoni hutengenezwa kuhimili shinikizo la takriban baa 1 tu. Kuipa 4 ni kutengeneza bomu. Ni mtungi uliothibitishwa kwa kiwango hicho pekee, wenye vali ya usalama inayofanya kazi, unaofaa.

Suala la afya huandikwa kwa herufi ndogo kwenye chupa, na halistahili udogo huo. Neno aisosianeti huwakumbusha baadhi ya watu mkasa wa Bhopal, India, wa Desemba 1984. Kemikali iliyovuja huko, methili aisosianeti, ni ya jamii hiyo, lakini huvukiza upesi sana. Iliyomo katika resini nyingi za modeli ni aina iitwayo MDI, ambayo haivukizi kwa urahisi katika joto la kawaida. Hatari yake ni ya namna nyingine. Aisosianeti ni miongoni mwa visababishi vinavyofahamika zaidi vya pumu ya kazini. Mtu anaweza kuitumia kwa miezi au miaka bila dalili, kisha mwili wake ukaanza kuikataa. Tangu hapo, kiasi kidogo mno huweza kuleta kikohozi, kubanwa kifua na shambulio la pumu, na kwa kawaida hali hiyo hairudi nyuma. Tiba ya uhakika ni kuiacha kazi hiyo.

Umoja wa Ulaya umelichukulia jambo hilo kwa uzito. Tangu Agosti 24, 2023, wanaotumia viwandani au kikazi bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hizo hulazimika kupata mafunzo kwanza. Anayesubu magurudumu nyumbani hafungwi na sheria hiyo, lakini mapafu yake hayana tofauti na ya mfanyakazi wa kiwandani. Afanyie kazi mahali penye upepo, barazani ikiwezekana, na kamwe si jikoni wala katika chumba cha kulala. Glavu za nitrili na miwani ni lazima. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inayohitajika ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na hata hiyo haichukui nafasi ya dirisha lililo wazi. Mwenye pumu tangu awali ni heri atafute mtu wa kumsubia.

Kipande kikisha toka, vumbi lake nalo si la kupuuzwa. Kisuguliwe kwa msasa uliolowa maji ili vumbi lisipae. Kabla ya rangi, kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa mafuta yaliyotoka katika kalibu huifanya rangi ibambuke. Kilichopinda hunyooka kikitumbukizwa katika maji ya moto na kushikiliwa hadi kipoe. Gundi ya kawaida ya modeli za plastiki haifai, kwani hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na resini hii haiyeyuki. Itumiwe gundi ya haraka ya matone au ya epoksi. Vipande vyembamba, kama vile vioo vya pembeni na vishikio vya milango, huganda polepole kuliko vinene kwa sababu havina joto la kutosha la kujipikia. Viachwe kalibuni zaidi hata kama mabaki ya kikombeni yamekwisha kuwa magumu.

Kalibu moja hutoa makumi machache ya vipande. Ikianza kupoteza mng'ao wake wa ndani, au kipande kikianza kung'ang'ania, inakaribia kuchanika. Kuipumzisha baada ya kila vipande vichache huirefushia maisha.

Kuna pia swali la nani mwenye kipande asilia. Kunakili gurudumu alilochonga fundi mwenyewe ni haki yake. Kununua kipande cha mtu mwingine, kukitengenezea kalibu na kuuza nakala ni wizi ambao umezifilisi juhudi za watengenezaji wadogo wengi, na nchini Kenya mwenye kazi ya sanaa hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Resini iliyobaki isimwagwe katika sinki wala mtaroni. Ichanganywe kwa vipimo vyake, iachwe igande kikombeni, na itupwe ikiwa ngumu. Kikombe hicho kisifunikwe wala kisiwekwe juu ya karatasi wakati kinaganda, maana resini nyingi iliyorundikana mahali pamoja hupata joto la kuunguza.